Mkataba wa Kenya na Umoja wa Ulaya, na mizigo inayotoka Malindi

Kwa dada yetu wa Milano, na wengine mlioko Italia,

Assalaam aleikum. Umeuliza, dada, kama mkataba wa biashara wa Kenya na Umoja wa Ulaya utaviondolea ushuru vikapu vya shangazi yako vinavyotoka Malindi kuja huko. Mkataba huo ulitiwa saini Nairobi tarehe 18 Desemba 2023 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2024. Mazungumzo yake yalikamilika mwaka 2014 kwa niaba ya Jumuiya ya Afrika Mashariki nzima, lakini Tanzania na Uganda hazikutia saini, wala hazikuwa na haraka, kwa kuwa bidhaa za nchi zinazohesabiwa kuwa na maendeleo duni zaidi huingia Ulaya bila ushuru hata pasipo mkataba. Kenya haimo katika kundi hilo. Ndiyo maana maua yetu yalitozwa ushuru miezi ya mwisho ya 2014.

Sasa vikapu vya shangazi yako. Kwa kuwa ni vya kuuza dukani, msamaha wa ushuru wa forodha hauji wenyewe: ni lazima ithibitishwe kwamba vimetoka Kenya. Mzigo usiozidi euro 6,000 unatosha tamko la asili ya bidhaa, ambalo muuzaji mwenyewe anayepeleka bidhaa nje huliandika kwenye ankara kwa maneno yaleyale yaliyomo mkatabani, kisha akatia saini. Ukindu uliokatwa huku na kusukwa huku hauna tatizo. Kofia iliyoshonwa Lamu kwa kitambaa cha kutoka nje inahitaji kutazamwa kwa kanuni ya mkataba inayohusu bidhaa za aina hiyo, kwani kushonwa Lamu peke yake si hoja. Naomba sana tamko hilo liandikwe kabla mzigo haujaondoka, maana wanawake wetu wa ususi wanapunjwa faida kwa kukosa mistari michache ya maandishi.

Hata hivyo, mkataba haugusi kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kiwango chake cha kawaida huko Italia ni asilimia 22. Iingize katika hesabu ya bei tangu mwanzo.

Maembe ni jambo jingine kabisa. Kwa sababu ya nzi wa matunda, hata yale machache ya mkobani yanahitaji cheti cha afya ya mimea kutoka KEPHIS, shirika la serikali ya Kenya linalokagua afya ya mimea, ilhali nazi hazihitaji.

Walioko Uingereza wana mkataba wao, uliotiwa saini Desemba 2020, kwa hiyo tamko lao lifuate maneno ya mkataba huo.