Kazi ya oda inaingia kwenye picha zangu. Nyie mnafanyaje?

FundiRangi (Mikindani)
Habari za jioni ndugu zangu. Naishi kwa michoro ya kuagizwa: vitabu vya watoto, mabango ya afya, na sasa bango la wakulima kuhusu ugonjwa wa ubwiriunga kwenye mikorosho. Kazi hiyo naipenda. Ua na jani lazima vionekane vina unga mweupe, barakoa ikae puani wakati wa kupuliza dawa ya salfa, hata asiyejua kusoma aelewe akisimama mlangoni mwa ghala la chama cha msingi cha ushirika. Hapo sina ugomvi.

Shida ni nikirudi kwenye picha zangu. Nachora bibi wa Kimakonde, chale usoni, ndonya (kile kipini cha mdomo wa juu) mdomoni, wa kizazi ambacho siku hizi hata Newala humkuti kirahisi. Nataka uso ule ubaki na uzito wake. Mkono unanyoosha mistari, unapunguza makunyanzi, unaweka tabasamu! Mteja mmoja alitaka chale ziondolewe kitabuni, eti zinatisha watoto. Hiyo ni haki yake, amelipa. Lakini huyu bibi hakuna aliyeniagiza, mbona naye anatoka msafi vile? Niache oda? Nina watoto shule.

BintiMasasi
Usiache, kaka. Tenganisha vifaa. Oda nachorea kwenye tableti, zangu nachora kwa rangi ya kopo juu ya hadibodi, ule ubao mwembamba, kama alivyoanza mchoraji Edward Tingatinga, mtoto wa Tunduru, kule Dar mwaka 1968. Kwenye tableti mteja akinuna unafuta. Rangi ya kopo ikishagusa ubao, umeamua.

MchongaMpingo
Mwanangu, mimi nachonga, sichori. Vifaa ni sawa, ila mimi ningeuliza picha hiyo anaiona nani kwanza. Tumewachongea wageni miaka mingi, Mmasai na mkuki wake, wakati Mmasai hakuwa mtu wa uwanda wetu. Watoto wamesoma kwa hela hiyo, siidharau. Lakini barakoa ya mapiko, ngoma yetu ya Kimakonde, inachongwa kwa mti mwepesi, na watakaoihukumu ni watu wa ngomani wanaoijua. Ukikosea chale wanakuambia palepale. Wewe mchoro wako unamwonyesha nani? Kama ni watu wa simuni tu, wale wale wa mabango, basi bado unamchorea mteja. Mpelekee bibi mwenyewe.

FundiRangi (Mikindani)
Shikamoo mzee wangu. Ni kweli, picha zote narusha simuni kwanza. Jirani yangu ana bibi yake Newala, chale zake kamili. Nitaomba anipeleke, na ubao naubeba kabla sijaumaliza, ili akisema mstari haupiti hapo niubadilishe mbele yake. Dada Masasi, hadibodi unapata wapi?

BintiMasasi
Kwa maseremala, omba vipande vilivyobaki. Piga msasa kidogo upande wa laini, rangi ishike. Na bibi usimwendee mikono mitupu, beba hata sukari.