Tupeane uzoefu: mhariri aliyekuuliza "wastani wa wapi?"

Kalamu Kavu (mwanzisha mada)
Wakuu, wahariri tunawasema vibaya kila siku. Leo tuwakumbuke wale waliotulazimisha kutazama afya kwa kuuliza mtu anaishi wapi. Majina tuyaache.

Naanza mimi. Mwaka wangu wa kwanza kwenye habari za afya nilileta habari ya chanjo ya surua: kiwango cha kitaifa kimepanda, waziri amepongeza, basi. Mhariri wangu aliichapa kwenye karatasi (habari ndefu hakuzisoma kwenye kioo), akazungushia duara neno "wastani", na pembeni akaandika kwa wino mwekundu: "wa wapi?" Hakuongeza kitu. Nikarudi kwenye ripoti ileile, kwenye viambatisho ambavyo sikuwa nimevifungua, nikakuta jedwali la wilaya. Wilaya tatu zilikuwa zinashuka wakati taifa linapanda. Surua inataka takribani watoto 95 katika kila 100 wawe wamechanjwa ndipo ikose pa kupita, na yenyewe wastani wa taifa haiutambui. Inaingia palipo wazi. Habari niliiandika upya yote.

Mkunga wa Zamu
Mimi si mwandishi. Niliandika barua gazetini kwa hasira kwamba wajawazito wa upande wetu wanafika hospitali wamechelewa. Nikajua itatupwa. Mhariri akanipigia: "Wanachelewa wapi, dada? Nyumbani wakiamua, njiani, au wakishafika mlangoni kwenu?"

Niliona haya. Huo ni ucheleweshaji wa aina tatu ulioelezwa na Thaddeus na Maine mwaka 1994, na wanafunzi nawafundisha mwenyewe, ila barua yangu ilikuwa imewabebesha mzigo wote akina mama. Nikaandika tena. Safari hii nikaeleza usiku mmoja tu: mama amejifungua, damu haikatiki, ambulensi iko wilaya jirani, mkono mmoja nasugua tumbo ili mfuko wa uzazi ukaze, mkono mwingine nimeshika simu isiyopokelewa. Aya hiyo hakuigusa. Alichofuta ni neno "wazembe".

Bwana Jedwali
Wangu namsifu kwa kuzuia habari. Tulikuwa na orodha ya vifo vya uzazi kimkoa, na mkoa mmoja unaongoza kwa mbali. Kichwa cha habari kilishaandikwa. Akauliza, "Hospitali ya rufaa iko wapi?" Kumbe iko hukohuko. Mahututi wa mikoa ya jirani wanakimbizwa pale, na wakifia pale wanahesabiwa pale. Tulipopanga upya kwa makazi ya marehemu, mkoa uliokuwa ukisifiwa ndio ulikuwa ukiwapelekea wenzake wagonjwa. Tulitoka siku nne nyuma ya washindani wetu, na wakubwa walimsema kweli kweli.

Msomaji wa Majarida
Niongezee ya zamani. Mwaka 1971 jarida la Lancet lilichapisha makala ya Julian Tudor Hart, daktari wa kijiji cha wachimba makaa huko Wales. Hoja yake: huduma nzuri ya tiba huwa haba palepale inapohitajika zaidi. Hadi leo inatajwa.

Ninayoipenda zaidi ni ya John Wennberg. Alikuta Vermont, Marekani, miji miwili jirani: Stowe, kama asilimia 70 ya watoto wameondolewa tezi za kooni kabla ya kufika miaka 15; Waterbury, kama 20. Makoo ni yaleyale, tofauti ilikuwa mazoea ya madaktari. Majarida ya kitabibu yaliukataa utafiti wake, ukapokelewa na Science mwaka 1973, jarida ambalo si la madaktari. Kwa hiyo tukiwasifu wahariri, tukumbuke pia waliomfungia mlango.

Kutoka Pembezoni
Samahanini, naomba nipinge kidogo. Sisi tumeandikwa mpaka basi. Picha ileile ya mtoto amelala kwenye mkeka, na maneno "mkoa wa maradhi". Matokeo yake? Daktari kijana akipangiwa huku, kabla hajafika ameshaandika barua ya uhamisho. Kutangaza pengo bila kusema limetoka wapi ni kutupaka matope mara ya pili.

Ninayemkumbuka ni mmoja. Aliandika kwamba mashine yetu ya eksirei imekufa na kwamba fundi yuko mmoja kwa kanda nzima. Mwaka uliofuata akamtuma mwandishi yuleyule, hakuna kiongozi aliyekuja wala uzinduzi, kuuliza tu: ile mashine vipi? Ilikuwa imetengenezwa, ila mtu wa kuisoma picha hakuwepo. Akaandika na hilo.

Bwana Jedwali
Mkuu hapo umesema. Habari ya kurudi haina kichwa kitamu, ndiyo maana wengi hawairudii.

Kalamu Kavu
@Kutoka Pembezoni, umenishika pabaya. Zile wilaya zangu tatu niliziandika mara moja, nikapata sifa, nikahamia mambo mengine. Sasa hivi nimefungua ripoti mpya, niko kwenye viambatisho. Mbili zimepanda. Ya tatu haimo kabisa kwenye jedwali, nimeitafuta mara mbili. Kesho asubuhi naanza na simu ya mganga mkuu wa wilaya.