Nikon D40 bado inafaa au ntakuwa nimenunua kopo?

KijanaWaTabata
Wakuu habari za jioni. Nna kiduka cha steshenari huku Tabata, kutoa kopi, kuprinti, laminesheni, basi kila siku wanakuja watu wa pasipoti nawapiga na simu. Picha zinatoka ila mtu anaondoka na pua kubwa kuliko aliyokuja nayo, na kivuli cheusi ukutani. Sasa kuna jamaa anauza kamera ya Nikon D40, lenzi yake ya 18-55, chaja na kibegi, anataka laki mbili na nusu. Nimesoma naona imetoka mwishoni mwa 2006, megapikseli 6! Simu yangu ina 50. Mdogo wangu kacheka mpaka kakaa chini. Ila kila aliyewahi kuwa nayo anaiongelea kama mchumba aliyemwacha kwa bahati mbaya. Nataka pasipoti na visherehe vidogo, ubatizo, bethdei za watoto. Uzuri wake hasa ni nini? Na msinifiche ubaya.

chizi_wa_gajeti
Achana nayo mkuu. Haina video kabisa, huwezi kupiga kwa kuangalia kwenye skrini lazima uchungulie, pointi za fokasi 3 tu. Laki mbili na nusu ongezea utafute ya miaka ya karibuni.

fundi_mwanga
Aliyosema chizi ni kweli yote, lakini huyu anapiga pasipoti, hatengenezi muvi.

Tuanze na megapikseli. Picha ya D40 ni 3008 kwa 2000, ukiigawa kwa dots 300 za kila inchi ya printi unapata printi ya inchi 10 kwa 6 na ushee. Pasipoti unazipanga zako nane kwenye karatasi moja na bado inabaki. Mteja akitaka ya kutundika sebuleni ukubwa wa A4 inatoka vizuri tu, akitaka bango la barabarani mwambie aende kwingine. Na faida yake mafaili ni mepesi, kadi ya GB 4 inabeba JPEG kama elfu moja na kompyuta yako ya dukani, ambayo naihisi ni ile ya kusubiria, haitakwama.

Pua kubwa ni kwa sababu simu unamsogelea mtu mno. Weka lenzi kwenye 55, yaani ivute karibu kabisa, rudi nyuma hatua tatu nne, mtu atapata pua yake aliyopewa na Mungu. Na msogeze mbali na ukuta mita moja na nusu hivi, kivuli kitaangukia chini.

Sasa uzuri wenyewe ambao watu hawausemi, wanasema tu ooh rangi za CCD, rangi za CCD (hiyo ni aina ya sensa, kile kipande cha ndani kinachonasa picha). Rangi ni nzuri kweli, ngozi zetu inazitoa kahawia yenye uhai sio kijivu, lakini hata hilo mtu anaweza kubisha. Lisilobishika ni flashi. Kamera nyingi ndogo, hata D40x na D60 zilizokuja baada yake, ukitumia flashi kawaida shata, ile inayofungua na kufunga mwanga, kasi yake inaishia 1/200 ya sekunde. D40 inaenda mpaka 1/500, maana ile sensa ya CCD inaweza kukata mwanga yenyewe kwa umeme haisubirii mapazia ya shata peke yake. Unaona ni kitu cha kitabuni? Subiri. Ubatizo unaisha saa sita, watu wanatoka nje kanisani saa saba mchana jua liko utosini, kila mtu macho yamekuwa mashimo mawili meusi na mama mwenye kofia uso wote hauonekani. Hapo ndo unahitaji flashi, mchana kweupe, kujaza kivuli. ISO yake, yaani wepesi wa kunasa mwanga, ya chini ni 200, kwa jua lile kwenye 1/200 unalazimika kufunga tundu la lenzi mpaka f/16 (namba ikiwa kubwa tundu ni dogo), na kaflashi ka juu ya kamera hapo kanafika mita moja tu, yaani utapiga paji la uso. Kwenye 1/500 unakaa f/10, kaflashi kalekale kanafika kama mita moja na nusu kwenda juu kidogo. Hiyo nusu mita ndo tofauti ya kupiga mama na mtoto wake mkononi wote macho yanaonekana. Mimi Mwanza nimepiga ubatizo na kipaimara na hiki kidude miaka sita na watu wakawa wananiuliza mbona picha za nje zako hazina miwani myeusi.

Ubaya sasa. Inapenda kung'arisha, nguo nyeupe zinaungua, weka fidia ya mwanga -0.7 uiache hapohapo. Giza, ISO 1600 ndo mwisho wa heshima, hiyo HI 1, ngazi ya juu ya hapo, ni mchanga mtupu. Na haina kitu cha kujisafisha sensa, ukibadilisha lenzi barabarani vumbi likiingia limehamia.

mwana_studio
Namuunga mkono fundi. Chukua na 50mm f/1.8D, hiyo ya bei rahisi, ukumbini gizani utanishukuru.

pwani_moja
Mwenzangu wa studio hapo umemuingiza shimoni. D40 ndani hamna mota ya fokasi. Lenzi ya D yategemea mota ya kamera, akiifunga kwenye D40 itakaa, itapima mwanga, lakini fokasi azungushe kwa mkono, na mtoto wa bethdei hatulii. Atafute iliyoandikwa AF-S, kama 35mm f/1.8G au 50mm f/1.8G. Kutokuwa na mota ndiko kulikoifanya iwe nyepesi, haifiki hata nusu kilo bila lenzi na betri.

Na wewe wa Tabata, kabla hujatoa pesa itazame hiyo lenzi. Mimi niko Mombasa, hewa ya chumvi na unyevu, kwetu lenzi yaota kuvu kama mkate. Ishike dhidi ya taa, fungua mfuniko wa nyuma nao, chungulia. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, iache. Vumbi mbili tatu si neno. Nilipata kununua moja usiku kwa mtu, kwenye taa ya njano, nyumbani asubuhi naona bustani nzima ndani. Sikununua tena kitu usiku.

mwana_studio
Duh kweli, yangu ni D90 ndo maana sijawahi kuliona hilo. Samahani mkuu.

fundi_mwanga
Nyongeza ya kukagua. Lenzi ifunge mpaka f/22, piga anga au ukuta mweupe, ukuze kwenye skrini, madoa ya kijivu ni vumbi la sensa, mengi hutoka kwa pampu ya mpira, usiguse na pamba. Usiamini namba ya faili, ikifika 9999 inaanza upya, idadi ya kweli ya shata, yaani picha ilizokwisha piga, imo ndani ya faili la JPEG lenyewe, kuna programu za kuisoma. Betri ni EN-EL9, inaingiliana na za D60, D3000 na D5000 kwa hiyo usiogope. Kadi mwisho GB 32, ya 64 itaikataa. Afu kile kitufe cha Fn ubavuni karibu na lenzi kipe kazi ya ISO, ukishikilia unazungusha gurudumu la nyuma, utaacha kuhangaika na menyu.

KijanaWaTabata
Nimerudi wakuu. Nilienda mchana kama pwani alivyosema. Lenzi safi, anga ilikuwa na madoa matatu, shata elfu ishirini na moja. Nikamwonyesha madoa kwa uso wa huzuni akashusha mpaka laki na themanini. Leo nimepiga pasipoti kumi na moja, mzee mmoja kaiangalia yake kwa muda akasema "huyu ndo mimi", kachukua seti mbili. Mdogo wangu yuko kimya anazunguka tu na kamera.

Swali dogo, jioni kwenye skrini kuna alama ya kuuliza inamulika. Imekufa?

fundi_mwanga
Haijakufa haha. Kushoto kwa skrini kuna kitufe chenye hiyo alama ya kuuliza, kishikilie itakuandikia inachotaka. Jioni hiyo itakuwa inasema mwanga hautoshi, fungua flashi.