Wakuu, hii albamu ya Yes ya 1972 inapigika mbele za watu?

Msela wa Kinanda: Wakuu habari za jioni. Kuna albamu ya bendi ya Uingereza, Yes, inaitwa Close to the Edge, ina nyimbo tatu tu, wa kwanza umekula upande mzima wa santuri, karibu dakika 19. Unaanza na ndege na maji kwa mbali, sauti inapanda pooole, mara magitaa yanakuvamia kama daladala iliyokatika breki, halafu huko katikati kinaingia kinanda cha kanisani, Rick Wakeman, mpiga kinanda wao, alikipigia ndani ya kanisa la St Giles London, hapo nywele zinanisimama. Asiyeijua ataielewa? Silali wakuu.

Kibatari: Marehemu mzee alikuwa na santuri za wazungu hizo, mama akafunikia mtungi. Maji yalikuwa ya baridi balaa.

Fundi Redio: Bill Bruford, mpiga drams wao, walipomaliza kurekodi tu akahamia bendi nyingine, King Crimson. Mwenye kazi yake kakimbia, sisi je?

Dada Tausi: Mbele za watu gani? Mbona unazunguka mbuyu?

Msela wa Kinanda: Haya. Harusi yangu, tarehe 14. Nataka tuingilie ukumbini. Dijei nishampa advansi so kubadilisha haiwezekani, na nimeshapanga, fujo ya gitaa tunatokea mlangoni, kinanda kikilia tuko meza kuu.

Dada Tausi: Bibi harusi anasemaje?

Msela wa Kinanda: Hajaisikia bado. Namvizia siku ana mudi nzuri.

Mzee wa Kigoda: Mwanangu, kinanda cha kanisani kaa nacho kanisani. Vijana mnachezea ndoa, sisi tuliingia na tarumbeta na tumedumu.

Kibatari: Mzee tarumbeta walikuwa wamelewa hao.

Popo Bawa Mstaafu: Hii chai, tena haina sukari. Juzi juzi si wewe uliuliza dawa ya mtoto anayeota meno, ukasema mkeo kalala hoi?

Msela wa Kinanda: Yule mtoto wa dada.

Popo Bawa Mstaafu: Na mke naye wa dada?

Msela wa Kinanda: Jamani tuwe siriasi, dakika 19 ni nyingi ama sio nyingi?

Fundi Redio: Kutoka mlangoni mpaka meza kuu ni hatua ngapi? Tupige hesabu.