Natafuta nakala ya wasia wa baba yake babu, Mombasa miaka ya 1930

MjukuuWaKisauni:
Asalam aleikum na habari zenu wote. Jamani mwenye kujua anisaidie. Baba yake babu yangu alikuwa na shamba la minazi Kisauni na nyumba Mji wa Kale, alifariki kabla ya vita ya pili, 1936 au 1937, hakuna mwenye uhakika maana kila ukimuuliza mtu anakwambia "mwaka ule wa mvua nyingi". Shangazi yangu ana miaka 80 na ushei, yeye ndo anashikilia kwamba mzee aliacha wasia na ndani yake katajwa mke wa Unguja ambaye sisi huku hatumjui, wala wanawe. Sitafuti shamba, lilishauzwa hata sijazaliwa, nataka majina tu nikamilishe nasaba. Nimeenda ofisi moja karani ananiuliza "kwani unataka kumshtaki nani?" kisha rudi wiki ijayo, nimerudi mara tatu faili bado "linatafutwa". Nianzie wapi?

FailiLaZamani:
Pole sana ndugu yangu, ila umeenda na jina tupu na faili za mirathi zimepangwa kwa namba ya kesi na mwaka. Karani umpe namba ndo atainuka kitini.

Namba unaitafuta kwenye Kenya Gazette, lile gazeti rasmi la serikali. Enzi za mkoloni mtu akiomba Mahakama Kuu imruhusu kusimamia mali ya marehemu tangazo linatoka humo, na mara nyingi linataja jina la marehemu, alikokuwa anaishi, siku aliyofariki, nani kaomba, na namba ya kesi. Soma neno kwa neno: wakiandika "probate" ujue wasia upo, wakiandika "letters of administration" peke yake mara nyingi hakuna wasia, usipoteze nauli. Matoleo ya zamani mengi yako bure Google Books na unaweza kusachi ndani.

Sasa shida ni spelingi. Khamis utamkuta Hamis, Hamisi, Khamisi, Seif anakuwa Sef au Saif, "binti" wanafupisha "bt", halafu kompyuta nayo inasoma herufi zilizofifia inavyotaka yenyewe. Mimi babu yangu mzaa mama nilimpata kwa kusachi jina la mtaa wake, jina lake lilikuwa limeharibiwa huwezi hata kulitamka.

Ukishapata, andika barua kwa msajili wa Mahakama Kuu Mombasa, weka namba ya kesi, mwaka, wewe ni nani kwa marehemu, kopi ya kitambulisho, na uombe nakala ya wasia PAMOJA na orodha ya mali na warithi. Ukiomba wasia mtupu unaweza kupewa ukurasa mmoja ukajuta. Wakikwambia faili lilishahamishwa uliza Nyaraka za Taifa, Nairobi wako Moi Avenue kwenye lile jengo la zamani la benki, na Mombasa wana tawi.

BintiShangani:
Hapo juu kasema kweli tupu ila mi nna wasiwasi na hilo neno wasia lenyewe. Kwa sheria yetu ya Kiislamu wasia hauzidi thuluthi ya mali, na mrithi hausiiwi, labda warithi wenzake waridhie. Mke ni mrithi. Kwahiyo kama yule bibi wa Unguja alikuwa kwenye ndoa mzee anafariki, jina lake mahala pake ni kwenye mgao wa mirathi na si kwenye wasia. Mume akiacha watoto, wajane wote kwa pamoja wanapata thumni, yaani moja ya nane, wanagawana sawa. Ukikuta mgao umeandikwa moja ya kumi na sita mara mbili basi wajane walikuwa wawili na hapo kazi imekwisha hata kama wasia hujauona.

Na si kila mirathi ilifika Mahakama Kuu, nyingi ziliishia kwa kadhi. Uliza mahakama ya kadhi, kisha uliza na Kamisheni ya Wakf, maana wazee wengi wenye minazi waliiweka wakf kwa kizazi chao ili isiuzwe, na hati ya wakf inataja watoto mpaka wajukuu. Familia zinasema "wasia wa mzee" kumbe karatasi ni ya wakf, kwetu ilikuwa hivyohivyo.

KibogoyoWaForodhani:
Nisikuudhi lakini na hili ulifikirie. Kama shangazi ana hakika jina liko kwenye WASIA, basi huenda yule bibi aliachwa kabla, au alikuwa suria, yaani mtumwa aliyewekwa kinyumba na bwana wake. Suria harithi, ndo maana mzee mwenye huruma humuandikia kitu kwenye thuluthi, chumba cha kukaa, minazi kadhaa. Watoto wake lakini wanarithi sawa na wenzao baba akiwakubali. Utumwa Kenya ulifutwa 1907, kwahiyo 1936 bibi kama huyo anaweza kabisa kuwa hai. Shangazi muulize taratibu, si kwa simu na si mbele za watu.

Jengine, karatasi za kadhi za zamani ni herufi za Kiarabu hata pale lugha ni Kiswahili, na tarehe ni za Kiislamu. Ya kwetu iliandikwa Rajab 1320, mjomba akatoa 1320 kichwani akapata mwaka wa ajabu kweli, kumbe ni Oktoba 1902. Ilikuwa ndani ya sanduku la bibi chini ya kanga, imekunjwa mara nne, ile mikunjo ndo imekula majina mawili. Anza na masanduku ya nyumbani kabla ya ofisi. Na ukifika Unguja nenda Nyaraka za Taifa pale Kilimani, uliza kwanza masharti ya kusoma na usitoe simu kupiga picha kabla hujaruhusiwa.

MjukuuWaKisauni:
Wallahi nimekesha. Nimempata! Kisauni wameiandika "Kisaoni", kafariki Novemba 1935, yani wote tulikuwa tunakosea. Ni letters of administration kwahiyo BintiShangani umepatia, wasia hakuna. Aliyeomba ni mjane, na jina si la bibi yetu. Nimempigia shangazi kumsomea (samahani Kibogoyo nimeshindwa kusubiri) akaniambia nisome tena, nikasoma, akasema "si niliwaambia" akakata simu. Sasa barua ya msajili niandike kwa Kiingereza au Kiswahili?

FailiLaZamani:
Kiingereza, na bandika kopi ya huo ukurasa wa Gazette kwa nyuma. Jina liandike kama walivyolikosea wao.