Mjini kati Dar: watu wa pale ni wa aina gani hasa? Nataka kufungua biashara ya chakula

FremuMpya
Wakuu, habari za jioni. Nimepata fremu mjini kati hapa Dar, upande wa Kisutu. Chini maduka, juu ghorofa tatu za makazi. Nataka kuuza chakula. Mwenzangu tunayechanga mtaji amegoma. Anasema kule ni Uhindini, Mswahili anapita tu akiwahi gari, hanunui kitu. Mimi nimeona mchanganyiko wa kila rangi. Nani yuko sahihi? Nahitaji jibu kabla ya Ijumaa, usingizi sipati. Naomba kuwasilisha.

Babu wa Kipata
Mwanangu, jina Uhindini lina historia. Mwaka 1924 Waingereza waliugawa mji kanda tatu. Ujanja wao ni kwamba kanuni hazikutaja rangi ya mtu, zilitaja aina ya nyumba: kanda ya kwanza nyumba za Kizungu, ya pili maduka na makazi pamoja, ya tatu nyumba za Kiafrika, ndiyo Kariakoo na pembeni yake. Mnazi Mmoja ukaachwa uwanja mtupu katikati ili ya pili na ya tatu zisigusane. Mwaka 1971 Serikali ikataifisha majumba yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, baadaye yakahamia Shirika la Nyumba. Wengi wakaenda Kanada na Uingereza. Waliobaki, baadhi yao wakawa wapangaji kwenye nyumba walizojenga wenyewe. Kwa hiyo hiyo "duka chini, makazi juu" yako ni kanda ya pili ya 1924, ila waliomo si wale wale.

KarafuuMbili
Kijana kauliza chakula, babu kampa ramani 😂

Mpimaji
Mleta uzi, wewe ulikwenda pale siku gani, saa ngapi? Na mwenzako?

FremuMpya
Mimi Jumanne saa 7 mchana. Yeye Jumapili kama saa 11 jioni.

Mpimaji
Basi hakuna aliyesema uongo. Jumanne mchana unakuta makarani, wanafunzi, mawakala, mafundi, wateja wa benki, wengi wao wanalala Mbagala, Kimara, Gongo la Mboto. Jumapili jioni hao hawapo, ofisi zimefungwa, na wanaoishi ghorofani wameshuka na watoto kupunga upepo. Mtaa ule ule.

Kuna kosa jingine na ndilo hasa linalowaponza watu. Jicho linahesabu vitu vinavyokaa: vibao vya maduka, mahekalu ya Mtaa wa Kisutu, msikiti wa Ithnaasheri Mtaa wa Indira Gandhi, nguo zilizoanikwa kwenye roshani. Mlinzi aliyekaa kwenye kiti cha plastiki, muuza madafu na baiskeli yake, kuli, mama wa chai, hao jicho linawaruka, ingawa wako pale kuanzia alfajiri. Ukimuuliza mtu mjini kati kuna nani, anakutajia wenye milango.

Fanya hivi. Karatasi moja, safu tatu: anapita, anasimama kutazama, ananunua chakula popote karibu. Safu ya rangi usiweke, haitakulipa kodi. Simama kona ile ile dakika 15 ndani ya kila saa: saa 1 hadi 3 asubuhi, saa 6 hadi 8 mchana, saa 11 hadi 12 jioni, kisha saa 2 na nusu usiku. Jumanne, Ijumaa na Jumapili. Kona isiwe jirani na kituo cha mwendokasi, maana basi moja likishusha linakumwagia watu kwa mkupuo na hesabu inavimba. Likishusha, subiri dakika 3 ndipo uendelee.

Mzalendo wa Ilala
Unajisumbua bure. Pale Wahindi ni asilimia 80. Na tangazo la Serikali la 2025 la kukataza wageni biashara ndogondogo litawaondoa, subiri tu upate fremu nzuri zaidi.

Mpimaji
Hiyo 80 umeitoa wapi? Sensa ya mwisho nchini kuuliza kabila na asili ya mtu ni ya 1967. Ya 2022 imehesabu watu 5,383,728 Dar es Salaam na haikuuliza rangi ya mtu hata mmoja. Anayekupa asilimia za rangi za mjini kati amezipika. Na amri ya 2025 inawahusu wasio raia, kwenye orodha ya biashara 15. Mtu ambaye babu yake kazaliwa Dar na mfukoni ana kitambulisho cha NIDA cha raia haimgusi, awe na sura gani.

Dada Kachori
Mmemaliza siasa? Kwenye chakula hakuna mteja anayeitwa "Mhindi". Kuna Mhindu asiyegusa nyama wala yai, na sufuria iliyopikiwa nyama hataki. Kuna Mjaini, huyo hata kitunguu, saumu na viazi hali, kila kinachong'olewa ardhini. Kuna Bohora, Ithnaasheri na Ismailia, hawa ni Waislamu, nyama wanakula ila iwe imechinjwa kisheria. Kuna Mgoa, Mkatoliki. Changanya na Mshihiri, Msomali na Mngazija, wote majirani. Badia za dengu na kachori zinapita karibu kwa wote, ukimtoa Mjaini, mradi utenge karai la mafuta. Karai moja likikaanga sambusa ya nyama asubuhi na badia mchana, umepoteza nusu ya ghorofa, na habari inapanda ngazi haraka kuliko lifti.

Hebu sema, unauza nini?

FremuMpya
Vya kukaanga, dada. Na ndizi.

Dada Kachori
Vya kukaanga vipi?

FremuMpya
Nyama.

Dada Kachori
Ndugu yangu, nyama ya nini?

FremuMpya
Kitimoto.

KarafuuMbili
Nimeangusha simu 😂😂😂 Mtu anaomba takwimu za rangi kumbe anamficha nguruwe!

Ustaadh Mstaafu
Hakuna anayekukataza kula. Lakini jirani ana haki yake. Pale unazungukwa na misikiti na mahekalu, juu wanalala watu, na moshi haubishi hodi.

FremuMpya
Mbona mnanishambulia? Maofisini Wakristo wamejaa. Makanisa ya Mtakatifu Yosefu na Azania Front unakwenda kwa miguu. Kanuni iko wapi kwamba mjini kati kitimoto marufuku? Na nimeshalipa nusu ya kilemba, ile pesa ya kuachiwa fremu, milioni nne. Karai kubwa la chuma fundi ameshalichomelea. Sirudi nyuma, nilitaka tu kujua kama wateja watatosha.

Mchoma Mkaa
Tuzungumze kazi. Kitimoto huuzwa kwa uzito wa nyama mbichi. Kilo moja ikikaangwa mpaka ikauke inabaki kama gramu 600, asiyejua atasema umempunja, kwa hiyo mzani ukae mbele yake. Nyama iwe na muhuri wa mkaguzi, na iive mpaka ndani pasibaki pekundu, tegu si mzaha. Weka akiba ya menyu ya pili, kwa sababu homa ya nguruwe ikilipuka usafirishaji unafungwa na wewe huna cha kuuza.

Sasa jengo. Nyumba za kale za pale zina uwazi wa ndani, madirisha ya majiko yote yanatazama humo. Moshi wako ukiingia mle unapanda kama kwenye dohani hadi chumba cha mwisho. Utahitaji bomba la bati linalopita paa kwa mita moja au zaidi, na kulipitisha ni lazima wa juu wote wakubali. Mafuta nayo: usiyamwage kwenye sinki. Yanaganda kwenye bomba la pamoja na choo cha ghorofa ya kwanza kinafurika. Jenga chemba ya kukamata mafuta, uikombe kila wiki. Bwana afya ataanzia hapo hapo.

Mpimaji
Na hicho kilemba umemlipa nani? Mwenye jengo au mpangaji aliyepo?

FremuMpya
Mpangaji. Jengo ni la umma. Ni muungwana, ana funguo zote.

Mpimaji
Funguo si mkataba. Leseni inataka TIN na mkataba wa pango wenye jina lako. Mpangaji wa jengo la umma kupangisha mwingine bila idhini ya maandishi ni kuvunja mkataba wake, na siku akiondolewa unaondoka naye. Kilemba hakina risiti. Usiongeze hata shilingi mpaka uone mkataba wake na idhini hiyo.

SioMimi
Wakuu mnachezewa. Someni tena. Mara "nimepata fremu", mara nusu ya kilemba. Mwanzo usingizi haupati, sasa karai limechomelewa. Mtu gani anafungua kitimoto Kisutu halafu anaanza kwa kuuliza rangi za watu? Hii ni chai, hadithi ya kutunga. Ama ni mwanafunzi anavuna data ya utafiti bure, ama ametumwa tugombane Waswahili na Wahindi. Alete picha ya mlango.

KarafuuMbili
Chai yenyewe ya tangawizi. Picha mkuu!

Babu wa Kipata
Chai hata mimi naisikia harufu. Ingawa ya mwaka 1924 nimesema kweli.

FremuMpya
Picha siwezi. Mwenye fremu anapita humu. Hajui kama ni kitimoto, nilimwambia chipsi.

Dada Kachori
Ya Rabi.

Ustaadh Mstaafu
Na yeye ni wa dini gani?

FremuMpya
Bohora.

SioMimi
Sasa ndiyo mniambie si chai 🙌

Mchoma Mkaa
Iwe chai isiwe chai, karai la chuma linakaanga kachori vilevile. Lisugue kwa chumvi na limau, lichome likiwa tupu nusu saa, anza na mafuta mapya. Ila kama limeshaonja nguruwe, usiwauzie wa juu chochote kilichotoka humo. Nunua jingine.

FremuMpya
Halijaonja.

*(Ijumaa)*

FremuMpya
Mpimaji, nimesimama leo dakika 15, saa 6 na nusu mchana, kona ya fremu. Waliopita 212. Waliosimama 9. Walionunua 6, wote kwa mama wa mihogo aliye ng'ambo, hamkumtaja hata mmoja wenu na mimi sikuwahi kumwona. Mwenye fremu alikuwa anakwenda kuswali, akasimama akaniuliza nahesabu nini.

KarafuuMbili
Ukamjibu nini?