Nukta kwenye skrini ya mwongoza ndege: tuiamini kiasi gani?

MLETA MADA, LANG'ATA: Wadau, hamjambo. Ndege za uwanja wa Wilson hapa Nairobi hupita juu ya kamba yangu ya nguo tangu alfajiri, masikio yameshazoea. Jumapili kijana wangu alifungua kwenye simu programu ya kufuatilia ndege, akanionyesha kindege cha manjano kikijongea juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Nikatoka nje kutazama. Ndege yenyewe ilikuwa imeshatupita, kwenye simu bado iko nyuma. Punde kikapita kingine cha injini moja, chini kabisa, hata herufi za ubavuni nikazisoma. Kwenye simu hakikuwepo.

Simu si rada, najua. Lakini sisi wa upande huu hatujasahau 5 Machi 2024, ndege ya abiria aina ya Dash 8 yenye watu 44 ilipogongana na ndege ndogo ya mafunzo, Cessna 172, juu ya mbuga. Kubwa ilirudi Wilson salama. Wawili waliokuwa kwenye ndogo walifariki. Sasa kuna wanaosema rada za antena zimepitwa na wakati, kila ndege ijitangaze yenyewe kwa msaada wa setilaiti na mambo yaishe. Mnakubali?

FUNDI, UMOJA: Mimi nakubali. Piga hesabu. Antena ya rada ya masafa marefu huchukua sekunde 10 hadi 12 kumaliza mzunguko mmoja. Jeti ya kilomita 830 kwa saa, katika sekunde 12 imeshakata kama kilomita 2.8. Mwongoza ndege anaona ilipokuwa, si ilipo. ADS-B, huo mfumo wa ndege kujitangaza, hutangaza mahali ilipo mara mbili hivi kila sekunde. Halafu rada haioni nyuma ya mlima, na sisi tuna Ngong, Aberdare na Bonde la Ufa lote. Kipokezi cha ADS-B ni kidogo, unakipachika kwenye mlingoti popote penye stima.

MSTAAFU, EMBAKASI: Kaka fundi, hesabu yako sina ugomvi nayo. Ila hukuuliza anayesema ni nani.

Rada ya msingi hurusha mawimbi, yakagonga bati la ndege yakarudi. Haimwulizi rubani kitu. Haijui jina la ndege wala kimo chake. Rada ya pili huuliza, na transponda iliyo ndani ya ndege hujibu: mimi ni fulani, niko kimo fulani. Ile namba ya kimo kando ya nukta, rada haikuipima, imeambiwa. ADS-B ndiyo kuambiwa kutupu: ndege inasoma GPS yake na kututangazia, bila sahihi wala muhuri. Na tangu 2023 marubani wanaopita karibu na Baghdad wameripoti GPS ikiwaonyesha mahali wasipokuwepo.

Tarehe 2 Oktoba 1996 Boeing 757 ya Aeroperú iliondoka Lima usiku. Walioiosha walikuwa wamesahau utepe wa gundi juu ya vitundu vya kupimia mgandamizo wa hewa. Vipimo vikavurugika, marubani wakamwuliza mwongoza ndege wako kimo gani. Akawasomea alichoona: futi 9,700. Muda si mrefu bawa likagusa maji ya Pasifiki. Watu 70 walikufa. Yule mwongoza ndege hakudanganya. Namba yake ilitoka kwenye ndege ile ile, kwenye vitundu vile vile vilivyozibwa. Walidhani wamepata shahidi wa pili, kumbe ni sauti yao wenyewe imewarudia.

FUNDI, UMOJA: Mzee, hapo umenishika. Lakini MH370, ile ndege ya Malaysia iliyopotea, je? Tarehe 8 Machi 2014 transponda ilinyamaza, nukta ikapotea, na rada ya jeshi la Malaysia, ile ya msingi unayoisifu, ikainasa ikigeuka. Ilisaidia nini usiku ule?

MAMA, SOUTH B: Msisahau ya kwetu. KQ 507 ya Kenya Airways ilianguka Mei 2007 baada ya kuruka kutoka Douala, Cameroon, ikiwa na watu 114. Ishara ya dharura iliwapeleka watafutaji hadi karibu na Lolodorf, zaidi ya kilomita 100 kutoka Douala. Sisi huku tuko kwenye redio tunangoja. Zaidi ya saa 40 baadaye ikaonekana kwenye kinamasi cha mikoko, hata kilomita sita hazifiki kutoka mwisho wa njia ya kurukia. Rada gani, setilaiti gani?

KIJANA, KAWANGWARE: Mnabishana kuhusu antena na waya hamuuoni. Newark, Marekani, 28 Aprili 2025: skrini zilikuwa giza kwa sekunde 90 hivi kwa sababu laini ya mawasiliano ilikatika. Ndege zote zilikuwa zikijitangaza vizuri tu angani.

MLETA MADA, LANG'ATA: Mzee, kile kindege nilichosoma herufi ubavuni, mnara hukijua kiko wapi?

MSTAAFU, EMBAKASI: Kwa redio na kwa macho, dada. Rubani anataja mahali alipo, mwongoza ndege anachukua darubini anatazama dirishani.

MLETA MADA, LANG'ATA: Kwa hiyo naye anaambiwa.

MSTAAFU, EMBAKASI: Anaambiwa, halafu anatazama. Hilo la pili ndilo ninalolipigania.

FUNDI, UMOJA: Na asubuhi za ukungu za Julai, mzee?

MSTAAFU, EMBAKASI: Asubuhi hizo ndege za mafunzo hukaa chini.